Udongo wa Kipande cha Saba

1. TANGAZO

(limebandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji cha Idunyavu)

Wananchi mnatangaziwa kuwa ugonjwa wa kuoza mizizi ya misindano umethibitika katika shamba la Bi. Edina Nyigo, mjane wa marehemu Gaudensi Mlowe. Kwa hiyo mhusika anaagizwa:

(a) kukata miti yote, inayoumwa na isiyoumwa;
(b) kung'oa visiki pamoja na mizizi yake;
(c) kuchoma vyote palepale shambani, bila kuhamisha hata kijiti;
(d) kutopanda mti wa aina yoyote katika eneo hilo mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Amri hii itekelezwe kabla ya mvua. Mhusika akishindwa kutekeleza, atachu

(karatasi imeishia hapo. Mbuzi.)


2.

Mhusika ndiye mimi.

Jina langu lingetosha, lakini wameona waongeze na "mjane wa marehemu", kana kwamba mizizi ilianza kuoza siku nilipofiwa. Haya. Edina Nyigo, mjane, mwenye mipaina. Wenye ofisi wanaiita misindano, sisi tunaiita mipaina, na kwa jina lolote inaungua vilevile.

Wewe unayesoma, rudi kwenye herufi (d). Kama hukuzaliwa huku kwetu kwenye baridi, utaona ni maneno ya afya ya miti tu. Utasema, si apande viazi huyo mama, viazi navyo ni chakula. Ngoja nikuelekeze.

Kwetu shamba halina hati. Hati ni mti. Aliyepanda mti, ardhi iliyo chini yake ni yake mpaka mti utakapoondoka. Ukipanda viazi umeazimwa. Ukipanda mahindi umeazimwa. Ukipanda mpaina umekaa.

Gaudensi alipofariki, siku ya kuondoa tanga, ukoo wa Mlowe ulikaa kikao. Shemeji yangu Festo, mdogo wake marehemu, akasema ardhi ni ya ukoo na mimi nina kwetu. Wakamuuliza, miti ile kapanda nani? Kila mtu aliyekuwa pale alikuwa ameniona nikichimba mashimo na mtoto mgongoni. Basi wakaamua: miti ni ya Edina, na ardhi itabaki kwake maadamu miti imesimama.

Maadamu miti imesimama.

Sasa soma tena herufi (a).


3. JINSI YA KULEA MCHE WA MPAINA

(tunavyoelekezana sisi wanawake wa Idunyavu)

Jaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, udongo wa shamba. Tia mbegu. Itaota vizuri nawe utafurahi. Usifurahi. Muda si mrefu mche utaingia njano. Haukui, haufi, upo tu unakutazama. Ukiumwagia maji, njano. Ukiutilia samadi, njano zaidi.

Mpaina haujui kula peke yake. Unataka udongo mweusi uliolala chini ya mipaina mikubwa, udongo wenye ukungu mwema ndani yake, vijiuzi vyeupe vinavyoshika mizizi na kuilisha. Tia kiganja kimoja kwenye kila kiriba, ukae usubiri. Mche utarudi kijani.

Ndiyo maana kila msimu tulikuwa tunapanda mlimani na ndoo, tunaingia msitu wa zamani wa misheni, tunachota, tunashuka tukiimba na kusengenyana. Mimi nilifundishwa na mama mkwe. Hakuna mwaka udongo ule ulitudhuru.

Mpaka mwaka ule ambao hatukupanda mlimani.


4. KUTOKA UBAO WA KAMPUNI YA MISITU NYALWIVI, GETINI

UJIRANI MWEMA KWA VITENDO

Katika kuunga mkono juhudi za akina mama wapanda miti wa Idunyavu, Kampuni imewapelekea udongo wa msituni hadi kitaluni kwao kwa malori yake yenyewe, ili wasihangaike tena na ndoo. Udongo huo umetoka Kipande cha Saba cha msitu wa Kampuni, ambacho kimevunwa kabla ya wakati wake kwa sababu za kiufundi.

Pichani: Meneja akimkabidhi Mwenyekiti wa Kijiji koleo.

(Nyuma ya koleo, yule mwenye kitambaa cha kijani anayepiga vigelegele, ni mimi.)


5.

[Kipande hiki kimekatwa, kimeng'olewa na kuchomwa kwa mujibu wa amri.]


6. KUVU LINASEMA

Msinitukane. Mimi sina miguu. Sina lori.

Nilikuwa nimelala kwenye mizizi ya miti ya asili hukohuko juu, kabla Kampuni haijafika na misumeno yake. Wakakata miti ile, visiki wakaviacha ardhini, wakapanda misindano katikati ya visiki. Nikaamka nina njaa, na chakula kimepangwa mistari iliyonyooka.

Kipande cha Saba nilikila polepole, kwa chini, mahali wasipotazama. Siku walipotazama, wakakata magogo yaliyokuwa bado mazima wakaondoka nayo. Mimi nikabaki kwenye vipande vya mizizi, ndani ya udongo mweusi.

Kisha likaja koleo.

Mimi ni ugonjwa, kazi yangu inajulikana. Muulizeni kazi yake yule aliyejua kwamba nimo humo, halafu aka


7.

Miche ile ilikua jamani, nisiseme uongo. Ilinipita kimo, ikaipita nyumba. Nilikuwa nikimaliza kupalilia nasimama katikati yake kuusikiliza upepo, najiambia, Festo na atoe macho mpaka yachoke, mimi hapa sitoki.

Msimu mmoja wa mvua nikakuta uyoga. Umeota chini kabisa, shinani, umeshikana vichane vichane, rangi ya asali. Nikafurahi kama mjinga. Nikauchuma kwenye kanga, nikaukaanga kwa vitunguu, nikala na ugali. Jirani yangu Tabita Mgaya nikampelekea bakuli. Tumetenganishwa na mtaro tu, yeye ana mipaina yake upande wa pili.

"Mtamu," akasema. "Umeupata wapi?"

"Mungu kanipa."

Kumbe ugonjwa ulikuwa umepanda mpaka juu kujitambulisha, na mimi nikautia chumvi.

Baadaye sindano zikaanza kuwa njano, kwanza mti mmoja, halafu wenzake waliouzunguka. Utomvu ukawa unatoka shinani na kugandamana na udongo. Mti mmoja ukaanguka siku ambayo hata majani ya mgomba hayakutikisika. Nikaenda kutazama mizizi: nikaishika, ikakatika mkononi kama muhogo mbovu.


8.

Nilimwita mwenyewe bwana misitu. Liandike hilo. Sikuficha, sikukamatwa. Niliona mtoto wangu anaumwa, nikamwita mganga.

Anaitwa Mghenyi, mtu wa Singida, bado kijana. Kakaa huku muda wa kutosha kujua salamu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

Akachuchumaa, akabandua gome kwa kisu. Chini ya gome kulikuwa na utando mweupe kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka. Akanusa. Akafuta kisu kwenye suruali.

"Mama, uliwahi kuona uyoga hapa?"

"Niliula."

Hakucheka. Kwa hilo namshukuru.

"Hakuna dawa," akasema. "Unatembea kwa mizizi. Mzizi mgonjwa ukigusana na mzima, na ule umekwenda. Kinachobaki ni kuondoa kila kitu, mpaka visiki."

"Kila kitu kikiondoka, na mimi naondoka nacho."

Hakunielewa, si wa huku. Nikamweleza habari ya kikao, na miti, na maneno ya wazee. Akavua kofia, akaishika mkononi kama mtu aliyefika msibani.

"Mimi nimetumwa kwenye miti, mama."

"Najua, mwanangu. Hakuna aliyetumwa kwangu."


9. YALIYOSIKIKA KILABUNI, KWENYE POMBE YA ULANZI

— Huo ugonjwa kautoa wapi?

— Si mjane huyo. Hajui kutunza.

— Wanasema aliula.

— Aliula nini?

— Ugonjwa.

— Looo.

— Mwanamke kukaa na msitu wote ule, wewe ulitegemea nini?

— Festo atapanda maparachichi pale. Keshasema.

— Si wamekataza kupanda mti?

— Mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Na katibu wa kamati ya kutangaza ni nani?

— Festo.

— Haya basi. Sogeza kopo.


10. MUHTASARI WA MKUTANO WA HADHARA

10.1 Mwenyekiti alifungua mkutano kwa sala.

10.2 Bi. Tabita Mgaya aliuliza ni kwa nini Kipande cha Saba kilikatwa kabla ya wakati wake.

10.3 Meneja wa Kampuni alijibu kuwa ni kwa sababu za kiufundi.

10.4 Bi. Tabita aliomba sababu hizo zitajwe.

10.5 Meneja alimtazama Bwana Misitu.

10.6 Bwana Misitu alisimama na kusema kuwa Kipande cha Saba kilikatwa kwa sababu ya kuoza mizizi, kwamba Kampuni ilijua, na kwamba ugonjwa ulioko shambani kwa Bi. Edina umeletwa na udongo wa huko.

10.7 Meneja alifungua soda.

10.8 Mwenyekiti alimshukuru Bwana Misitu kwa ufafanuzi mzuri. Alisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

10.9 Bi. Edina Nyigo aliuliza, miti ikiondoka ardhi ni ya nani. Mwenyekiti alisema hilo ni suala la ukoo.

10.10 Iliazimiwa kwamba amri ibaki kama ilivyo.

10.11 Mengineyo: Kampuni imeahidi mipira kwa shule ya msingi. Makofi.


11.

Umeisoma 10.6?

Isome tena. Sasa shuka mpaka 10.10.

Miaka yote nimeamini kwamba shida yetu ni watu kuficha. Nikidhani siku ukweli utakaposemwa mbele za watu, kuna kitu lazima kianguke. Basi ulisemwa mchana kweupe, kwa kipaza sauti, na mtu wa serikali mwenyewe, na hakuna hata kuku aliyehama njia. Meneja alikunywa soda yake mpaka chini. Festo alitazama viatu. Waliouliza "kautoa wapi" walijibiwa kautoa wapi, na jioni ile ile walirudi kilabuni kuuliza tena.

Ndwele. Ati si ndwele. Mwenyekiti, ndwele ndiyo hiyo, imo ardhini kwangu, wewe ndiye uliyepokea koleo.

Nina hasira. Sitaki kuizungusha wala kuipamba. Nina hasira mpaka meno yananiuma. Aliyeleta udongo ameambiwa alete mipira. Aliyeletewa ameambiwa ashike shoka.


12. FESTO ANAJIELEZA

Mnaniona mbaya. Mimi nina vijana wa kiume, wamekua, wanalala chumba kimoja wakigongana magoti. Ardhi ya baba ilikuwa hiyo, na ile ya bondeni inayojaa maji. Sikuleta lori mimi. Sikuotesha uyoga. Mti ukianguka, sijausukuma. Desturi sikuitunga, nimeikuta, na alipokuwa anashinda yeye kwa desturi hiyohiyo mbona hakuna aliyelalamika. Wala sitamfukuza. Nitamjengea chumba uani kwangu, atakaa kama mama wa nyumba. Mimi siyo mtu wa


(Chumba uani. Asante, shemeji.)


13.

Nilikusudia kukataa. Nilishapanga hata maneno. Wangekuja na misumeno yao wangenikuta nimeukumbatia mti wa kwanza, na wangeanza na mimi. Nilishawaona wakirudi nyuma. Nilishamuona Meneja akiaibika, ingawa sijui watu wale huaibika vipi.

Kisha Tabita akaja. Tabita huyu huyu aliyesimama mkutanoni akaniulizia, wakati waume za watu wamefunga midomo. Hakukaa. Akanishika mkono, tukavuka mtaro, akanionyesha mpaina wake wa kwanza kutoka mpakani.

Njano.

"Sikulazimishi, Edina."

"Sema tu."

"Mizizi yako imevuka."

Tulisimama pale. Mipaina yake bado midogo, mingine haijafika begani. Nyuma ya ile kuna ya mwenzetu Tulalumba, na nyuma ya Tulalumba kuna ya wale mabinti mapacha waliofiwa na baba yao, nao wanakaa kwa miti kama mimi.

Unaona walivyotufunga? Miti yangu ikisimama, ninabaki, na wao wanaondoka mmoja mmoja. Miti yangu ikianguka, wao wanabaki. Kampuni imeshatoka kwenye hesabu. Malori yameshaoshwa. Tumebaki wanawake na mtaro, tunaulizana nani afe kwanza, tena kwa upole, kwa sababu tunapendana.

Sikulia. Nilitaka, hayakuja.

"Lete msumeno wa mumeo," nikamwambia.


14.

Kata.

                Kata.

                                Kata.

Mti mzima ukiukata unanukia vizuri. Hilo ndilo lililonishinda. Ile migonjwa ilinuka uyoga na haikunisumbua, lakini iliyokuwa bado mizima ilinukia sokoni, ilinukia mbao mpya, ilinukia kanisa siku linapoezekwa. Hiyo nayo imo kwenye herufi (a).

Wanawake wa kitalu walikuja na majembe kung'oa visiki. Kampuni ina mashine ya kung'olea visiki. Tulimtuma mtu kuiazima, akajibiwa ipo matengenezo. Tukiwa bado mashimoni, na udongo mpaka kwenye nyusi, tukaiona ikipita barabarani, nzima kabisa, dereva anatupungia mkono.


15. TAARIFA KWA UMMA

Kampuni ya Misitu Nyalwivi inaungana na wananchi wa Idunyavu katika kipindi hiki kigumu. Kampuni inasisitiza kuwa uchunguzi kuhusu chanzo cha ugonjwa bado unaendelea. Tunawakumbusha wakulima wadogo umuhimu wa elimu na usafi wa vitalu. Aidha, Kipande cha Saba kwa sasa kimezungushiwa uzio kwa usalama wa


16.

Mghenyi alikuja kukagua. Akazunguka shamba lote, akatazama mashimo, akatazama lundo la visiki. Akasema kazi imefanyika vizuri kuliko alivyowahi kuona. Kisha akasema amepewa uhamisho.

"Wapi?"

"Wameniambia nisubiri barua."

Nikamfungia viazi kwenye mfuko wa rambo. Alivipokea kwa mikono miwili.


17.

Festo amekuja asubuhi, na kamba ya katani, na vigingi, na wazee wawili wa ukoo wa kushuhudia. Shamba ni jeupe, hakuna kilichosimama. Yaani hakuna kilichosimama ila mimi, na mimi nimekaa.

Nimekaa katikati. Mafiga yangu ya jikoni nimeyang'oa tangu alfajiri, nimeyaleta kichwani, moja, nikarudi, la pili, nikarudi, la tatu. Kwetu mwanamke hahamishi mafiga yake ovyo. Anayahamisha siku ya kuhamia nyumba, na moto ukishawaka juu yake, hapo ni nyumba, iwe na ukuta au isiwe na ukuta. Na kamba ya kupimia haipitishwi juu ya moto wa mtu. Aliyeipitisha amemuombea mwenye nyumba kifo mbele ya mashahidi, na jina hilo litamfuata mpaka kwa wajukuu. Hata vijana wenye simu za kupangusa wanalijua hilo.

Sufuria liko juu. Moto ni wa visiki vya mpaina, moshi wake mweusi, mzito, wa utomvu.

"Shemeji," Festo anasema. "Hapa hapana miti tena."

"Hapana."

"Basi tupishe tupime."

"Viazi havijaiva."

"Unafanya nini hasa?"

"Natekeleza amri. Wameandika nichome visiki palepale shambani. Hawakuandika nisiweke sufuria."

Wazee wanatazama mafiga. Wanatazama kamba. Mmoja wao, Mzee Lwitiko, anasema goti linamuuma, atakaa kidogo kwanza. Anakaa upande wangu wa moto, kwa bahati mbaya tu, kwa sababu ndiko kuliko na gogo.

"Utapika mpaka lini?" Festo anauliza. Sauti yake si ya ubaya. Kachoka, na yeye ana vijana wake.

"Visiki ni vingi."

"Vitaisha."

"Vitaisha."

Ng'ambo ya mtaro naona Tabita amesimama. Ana kitu kichwani, kizito kama jiwe, amekishika kwa mikono miwili. Sijui kama anavuka au anatazama tu. Kwake kuna miti bado, ana cha kupoteza.

Festo anachomeka kigingi cha kwanza kwenye kona. Anafunga kamba. Anashika ncha ya pili na kuanza kuja, nyuma yake kamba inajinyoosha juu ya mashimo yangu. Hasimami. Anafika mahali ambapo moshi unamwingia machoni, ambapo joto linamgusa mapaja.

"Edina," anasema. Miaka yote hii hajawahi kuniita jina.

Ameinua mguu.

Nachukua kisiki kingine, nakitia motoni.